Bibi wa Jukwaani: Mtoto, Tiketi na Mechi ya Saa 2:15 Usiku

Ikishaingia Disemba, barua za safu hii hugeuka. Za mawifi na za waume wanaochelewa kurudi hupungua, zikaja za mpira, maana Kombe la Mapinduzi liko mlangoni. Safari hii takriban zote zina shida moja: mtu ana mtoto, ana mapenzi ya mpira, na hajui vipi avipeleke vyote viwili uwanjani siku moja.

Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza, mimi ni mwalimu mstaafu. Skuli nilikuwa nasimamia michezo ya watoto wa kike, hasa mpira wa pete. Nina wajukuu. Nakaa Kikwajuni, timu yangu ni Malindi hata ikinitia presha, na kwenye uwanja wa Amaan jukwaa langu ni lile liitwalo Urusi. Majina ya wanaoniandikia siyatoi. Mtaa unatosha.

Assalaam alaykum Bibi. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano. Tangu Amaan ufunguliwe upya sijapata kumpeleka. Mapinduzi hii nataka aende, tena mechi ya usiku, taa zikiwaka, aone uwanja ulivyo. Mama yake kakataa katakata. Anasema goli likiingia tu nitamsahau mtoto. Nimwambie nini? (Baba, Mpendae)

Wa alaykum salaam, baba. Mwambie Bibi kasema ana haki ya kuogopa. Kukataa ni jambo jengine, hilo tutalizungumza.

Fainali ya Januari 13, 2024, Mlandege na Simba. Mbele yetu alikaa baba mmoja na mtoto wa umri wa wako, kashika pakiti ya ubuyu, vidole vyekundu mpaka kwenye viganja. Mlandege wakafunga. Baba aliruka, akamkumbatia jirani, jirani akamvuta, wakashuka ngazi pamoja wakiimba, na mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama napiga vigelegele kwa sababu Simba kufungwa na timu ya hapa Unguja si jambo la kila siku. Nilipotazama chini, mtoto yuko pale pale kwenye kiti. Hakupotea, hakuumia. Amezungukwa na miguu ya watu wazima tu, pakiti ameikumbatia kifuani, na uso umeshaanza kukunjika. Baba alirudi upesi, tena akicheka. Lakini mtoto hakutazama uwanja tena. Alikuwa anamtazama baba yake, aone atakwenda wapi tena.

Basi mkeo anasema kweli, na wala hasemi wewe ni baba mbaya. Anasema goli ni goli. Kwa hiyo anza kwa kuukubali ukweli huo: siku ya kwenda na mtoto unakwenda kama mlezi, na ushabiki unaufanya kwa nafasi inayobaki. Kama huwezi kuinuka dakika ya 60, matokeo bao moja kwa moja, ukatoka nje kwa sababu mwanao anataka kwenda haja kubwa, mwache nyumbani uende peke yako. Hakuna aibu. Mimi mwenyewe mechi za Malindi na KMKM simchukui mtu.

Sasa mechi yenyewe. Usimpeleke saa 2:15 usiku. Saa hiyo watu wameshamaliza Isha, lakini mpira unakwisha saa 4 imeshapita, na ikiwa ni mtoano kuna penalti juu yake. Mtoto wa miaka mitano saa hiyo ni mzigo wa kubebwa, na wewe umechoka. Mpeleke mechi ya makundi, ya saa 10:15. Mpira ukimalizika Magharibi haijaingia. Watu huwa hawajajaa, tiketi ni nafuu, na akitaka kusimama juu ya kiti hakuna wa kumwambia kaa chini. Kaa upande wa magharibi, jua la kaskazi liwe mgongoni kwenu, maana Januari jua letu halina huruma hata saa hiyo. Chagua kiti cha pembeni mwa ngazi. Cha katikati ya safu kitakufanya uombe radhi watu kumi kila akibanwa.

Ingieni mapema. Hilo ndilo watu wengi hawalifanyi, wanafika refa kashapiga filimbi, mtoto anatupwa moja kwa moja kwenye kelele. Akifika uwanja ukiwa nusu mtupu anayo nafasi ya kuuzoea. Aone majani, aone makipa wanavyopasha misuli, maana hapo mipira inaruka mingi kwa pamoja na mtoto mdogo hupenda hilo kuliko mechi. Mwonyeshe choo kabla hajakihitaji. Uwanja ule ulijengwa 1970, na baada ya ukarabati uliofunguliwa Disemba 27, 2023, una viti vya watu kama 15,000, kila mtu na chake. Kwa sisi tuliokaa kwenye zege zamani hiyo ni neema, na kwa mzazi ni neema zaidi, maana mtoto anajua kiti chake ni kipi.

Masikio. Kuna vuvuzela na kuna ngoma. Vuvuzela ikipulizwa karibu na sikio hupita desibeli 110, na wafanyakazi wa viwandani huambiwa wavae kinga zikifika 85. Mnunulie vile vifunika masikio vikubwa kama vya mafundi wa mashine, si pamba. Atacheka, atavivua, atavivaa tena mwenyewe ngoma zikianza. Na usikae karibu na kikundi cha ushangiliaji, hata kama ndio rafiki zako.

Nambari yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino mkononi mwake, juu ya kiwiko, ndani ya mkono wa jezi. Jina usiliandike mgongoni kwenye jezi, kila mpita njia atamwita kwa jina akadhani anamjua. Mfundishe jambo moja tu, si kumi: akikukosa, asimame pale pale asitembee, amwambie mama yeyote aliye na watoto au msimamizi mwenye kizibao.

Mapumziko yakifika, mpe maji na juisi, muulize kama anataka kubaki. Kwa mtoto wa miaka mitano mechi ina dakika 45 na juisi. Akitaka kwenda, nendeni. Akibaki, tokeni dakika kumi kabla ya mwisho au kaeni mpaka jukwaa liishe watu. Katikati ya hapo ndipo penye hatari. Mei 9, 2001, uwanja wa Accra, Ghana, watu zaidi ya 120 walikufa. Polisi walirusha mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milangoni, milango mingine ikawa imefungwa. Wengi walikufa kwa kukosa pumzi. Sikutishi, Amaan sijaona kitu kama hicho, lakini nimeona watu wanavyosukumana langoni wakiwahi gari za Bububu, na mtoto aliye chini anavuta pumzi za magoti ya watu. Mkiwa kwenye msongamano mbebe kifuani, mikono yako imzunguke.

Mwambie mkeo haya yote. Kisha mwambie kuna kiti kimoja zaidi, aje na yeye.

Shikamoo Bibi. Mume wangu yuko Oman kikazi. Mwanangu ana miaka tisa na mpira ndio maisha yake. Kombe la Mapinduzi lilipochezwa huku Pemba, uwanja wa Gombani, 2025, wenzake walikwenda, yeye aliliskiliza kwenye redio. Timu yetu ikija tena Pemba nataka nimpeleke mwenyewe. Mama mkwe anasema uwanja si pahala pa mwanamke wa heshima. (Mama, Wete)

Marahaba mwanangu.

Mimi nilivuka bahari kwa ajili ya mashindano yale. Ulikuwa mwaka wa timu za taifa, si za klabu, na fainali Januari 13 Zanzibar Heroes waliwafunga Burkina Faso mabao mawili kwa moja. Pale Gombani nilikaa na wanawake wa Konde, wa Micheweni, wa Mkoani, wengine na mabuibui na mikoba ya chakula, wengine na watoto mgongoni. Nyuma yangu alikaa bibi mtu mzima kuliko mimi, kaletwa na wajukuu. Mwanzo akawa anauliza, "Wetu ndio wepi?" Alipokwisha kujua hakuuliza tena. Alianza kumwita refa majina ambayo mhariri wangu hatayapitisha.

Kwa hiyo hoja ya mkweo imeshajibiwa na wakwe wenzake. Lakini usimjibu hivyo. Mama mkwe hashindwi kwa hoja, na mume yuko mbali, ukimshinda leo utaishi naye kesho. Fanya hivi: mwalike. Mwambie, "Mama, mjukuu wako anataka uende ukamwone anavyoshangilia." Akikubali, umepata mlezi wa pili. Akikataa, mchukue kaka yako au mjomba wa mtoto. Wewe peke yako unaweza kabisa, hilo sina shaka nalo. Ni kwa sababu mtu mzima wa pili ndiye anayekaa na mtoto wakati wewe unapanga foleni ya choo, na kwa sababu mtu akisema "alikwenda na nani?" jibu lipo na maneno yanakwisha.

Shida yako ya kweli ni kurudi Wete. Mpira ukiisha, gari za Chake hujaa kabla hujafika barabarani, na zinazobaki hupandisha bei. Changeni watu wa mtaani mkodi gari moja ya kwenda na kurudi, mpatane na dereva mapema, mumlipe nusu ya pili mkishafika nyumbani. Mwambie pa kusimama, na asimame mbali na lango. Kutembea dakika kumi na mtoto ni bora kuliko kukaa ndani ya gari saa nzima haisogei.

Na mume mpigie simu mukiwa uwanjani. Mwache asikie kelele.

Bibi, mimi Simba damu, mume wangu Yanga. Mtoto wetu ana miaka minne. Twende naye kwenye mechi avae jezi ya nani? (Mama, Kiembesamaki)

Ya Zanzibar Heroes. Akifika miaka saba atachagua mwenyewe, na nakuonyeni mapema: atachagua Azam, nyote wawili mnune.

Bibi, mwanangu wa miaka minane alikwenda na baba yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na Berkane, hapa Amaan. Alilia njia nzima. Tangu siku ile hataki kusikia habari ya uwanja, na baba yake anamwita mlizi. Nifanyeje? (Mama, Bububu)

Kwanza mwambie baba mtu aache jina hilo. Siku ile, Mei 25, 2025, nilikuwepo, na walizi walikuwa wengi, wenye ndevu.

Hebu tumfikirie mtoto. Mechi ya kwanza kule Moroko Simba kafungwa mbili. Huku Amaan alihitaji kulipa mbili na aongeze. Mutale akafunga mapema, uwanja mzima ukaamini, hata sisi tusio wa Simba tukaamini. Kisha kadi nyekundu, Simba wakabaki kumi. Kisha mwisho kabisa Berkane wakasawazisha, kombe likaondoka, moja kwa moja. Mtu mzima huyo ameshayaona hayo, anajua mpira ulivyo, anatukana kidogo, anakwenda kula urojo. Mtoto wa miaka minane hajui. Na mimi nina shaka na jambo moja: je, kabla ya mechi baba hakumwambia "leo kombe halitoki hapa"? Muulize. Baba wengi wanasema. Wanasema kwa furaha, wanasema na shingo zimefungwa skafu. Mtoto hajui kuwa hayo ni maneno ya jukwaani. Kwake ni ahadi, na baba yake hajawahi kuvunja ahadi mbele ya watu 15,000.

Kwa hiyo dawa yake si kumpa hotuba ya ujasiri. Baba akae naye amwambie kwa ulimi wake, "Nilikwambia tutashinda, na sikuwa na njia ya kujua." Basi. Halafu akae kimya.

Baadaye, akikubali kurudi, mpelekeni mechi isiyo ya Simba. Agosti ya mwaka ule ule wa 2025 mashindano ya CHAN, ya timu za taifa zenye wachezaji wa ligi za ndani tu, yalichezwa hapa kwetu pia, na mimi nilimchukua mjukuu wangu siku Sudan walipocheza na Nigeria. Hakuwa na timu. Akachagua Sudan kabla ya mpira kuanza, kisa mchezaji mmoja wa akiba alipita karibu akampungia mkono. Basi Sudan wakashinda nne bila, na yeye akawa kama ndiye kocha. Nikamweleza kuwa wale wametoka kwenye nchi iliyoingia vitani Aprili 2023, kwao ligi ilisimama. Akafikiri, akauliza, "Sasa mazoezi wanafanya wapi?" Tulizungumza hilo mpaka Darajani, na mpira wenyewe ulikuwa umeshapita. Mtoto aliyeshuka kwenye gari siku ile hakuwa na la kulilia hata kama Sudan wangefungwa.

Mara ya tatu ndio mrudi kwa Simba. Na baba asitabiri.

Bibi Mwalimu, kijana wangu wa miaka kumi na mbili anacheza Juvenile, ligi ya watoto. Kila mechi ninakuwepo, nasimama pembeni namwelekeza, maana kocha wao ni kijana tu na mimi nimecheza mpira. Wiki iliyopita kamwambia mama yake: "Mwambie baba asije." Nimeumia sana. Viatu nimemnunulia mimi. (Baba, Jang'ombe)

Baba, hii barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Kwanza nakupongeza. Wazazi wanaohudhuria mechi za Juvenile ni wa kuhesabu, na wewe unakwenda kila wiki. Hilo mtoto analijua, ndiyo maana hakukwambia usoni. Kapitisha kwa mama yake ili asikuumize.

Nakuomba ujaribu jambo moja. Nenda uwanja ambao mwanao hachezi, asubuhi ya mapumziko, kwenye mechi yoyote ya watoto. Usitazame mpira. Tafuta mtoto ambaye baba yake anapiga kelele pembeni, umtazame macho. Mimi nilifanya hivyo majuzi kwenye kiwanja kimoja cha vumbi. Mtoto wa pembeni kulia, soksi moja imeshuka. Mpira ukija kwake, kabla haujafika, macho yake yanakimbia kwenye mstari kumtafuta baba. Baba anasema "piga!" Kocha upande wa pili anasema "tulia!" Baba anasema "rudi nyuma!" Yote hayo mpira bado uko njiani. Unafika mguuni, mtoto anatazama kwengine, unampita, unatoka. Baba anashika kichwa. Mtoto anavuta soksi yake juu, ingawa haijashuka zaidi ya ilivyokuwa, kwa sababu anataka pa kutazama pasipokuwa na mtu.

Ulicheza mpira, unajua kuwa mchezaji anatakiwa kuinua kichwa kabla ya mpira kufika. Wako anainua, lakini anakutazama wewe. Hilo ndilo unalomfundisha kila wiki, na unalifundisha vizuri.

Halafu hilo la kocha kuwa kijana. Ni kijana, ndiyo, na pengine mbinu zake nusu ni za kuokoteza kwenye simu. Lakini ndiye anayempanga. Mtoto mwenye makocha wawili hulazimika kumvunjia heshima mmoja kila dakika, na huyo mmoja ama ni mwalimu wake ama ni baba yake. Ukimweka mtoto hapo, atafanya kama alivyofanya wako: ataomba mmoja aondoke. Na refa wa mechi hizo naye mara nyingi ni kijana anayejifunza. Nimeona mzee wa heshima, msikitini anasimama safu ya mbele, anamtukania mama refa wa miaka kumi na tisa kwa ajili ya mpira wa kurusha. Mbele ya watoto wake.

Usidhani ni nyinyi baba tu. Kwenye mpira wa pete nimewashuhudia akina mama ambao wangekufundisha wewe adabu ya kelele. Mmoja aliingia uwanjani na mwavuli.

Sasa la kufanya. Mwambie kijana, kwa mdomo wako, kuwa maneno yake yamefika na unaomba ruhusa ya kuja mechi moja ukiwa kimya. Muombe ruhusa kweli, na akisema "bado," ngoja. Siku ukienda, usisimame upande wa kocha. Nenda ng'ambo, nyuma ya goli, ukae na dumu la maji la timu nzima. Piga makofi timu ikifanya vizuri, yoyote kati ya mbili. Akikosa, kunywa maji. Utaona ulivyo mrefu mpira wa watoto ukiwa huna la kusema.

Njiani kurudi usimuulize lolote la mechi. Hilo litakushinda kuliko yote, najua. Watoto niliowafundisha, wakubwa sasa wenye watoto wao, ukiwauliza walichokichukia skulini kwenye michezo, si kufungwa. Wanakutajia safari ya kurudi nyumbani, mzazi anarudia mechi dakika kwa dakika na mtoto hana pa kukimbilia. Mnunulie mhogo wa kuchoma, mzungumze habari nyengine. Akitaka kukwambia, atakwambia usiku akiwa amelala na taa imezimwa, na hapo ndipo ujuzi wako wa mpira utahitajika.

Viatu ni wajibu wako wa mzazi, baba. Havikupi hisa kwenye timu.

Bibi, mimi mtu wa Kengeja, naishi Kwa Mchina. Watoto wangu, wa miaka sita na kumi na mmoja, wamezaliwa mjini. Likizo nataka niwapeleke Pemba wakaone mchezo wa ng'ombe. Mke wangu, mtu wa Unguja, anaona ni hatari. (Baba, Kwa Mchina)

Mke wako hajauona, ndiyo sababu. Mweleze: ng'ombe hauawi wala hachomwi kitu. Amefungwa kamba, mchezaji anamchokoza kwa kitambaa, ng'ombe anamfukuza, watu wanashangilia, ngoma zinapigwa na wanawake na kanga zao wanaimba. Wazee wanasema mchezo uliachwa na Wareno, na unachezwa kiangazi. Kwa mtoto wa mjini aliyezoea kuona ng'ombe kwenye mchuzi, hiyo ni skuli nzuri.

Hatari ipo, lakini siyo anayoidhania. Kamba si ukuta. Kamba inaregea, inachomoka, na mwenye kuishika anateleza. Rangi nyekundu haina maana yoyote, ng'ombe haioni kama tunavyoiona sisi. Anachokifuata ni kinachotikisika. Kwa hiyo mtoto anayekimbia ovyo ndiye wa kuogopewa, na wa miaka sita atakimbia. Huyo akae na bibi zake nyuma kabisa, penye ngoma, ameshikwa mkono. Ukitaka kujua pa kukaa ni wapi, tazama wazee wa Kengeja wamekaa wapi. Usitazame walipo vijana. Hao wameshachagua mti wa kupanda.

Wa miaka kumi na mmoja atataka kuingia na yeye. Mwambie akaombe ruhusa kwa babu yake. Babu atakataa, na wewe utabaki baba mzuri.

Bibi, binti yangu wa miaka kumi na nne anataka kwenda fainali ya Mapinduzi usiku na wenzake watatu wa skuli, bila ya mtu mzima. Anasema mimi ni mshamba. (Mama, Fuoni)

Usiku wa fainali bila mtu mzima, hapana. Mwambie Bibi mwenye miaka yote hii ya jukwaani kasema hapana, achukie mimi.

Lakini usiishie hapo. Wote wanne wapeleke wewe au mama mmojawapo, na uwanjani mkae mbali nao. Safu kumi nyuma, jukwaa hilo hilo. Wao wako peke yao, na wewe unawaona. Tiketi wanunue mapema kwa njia rasmi, wasinunue kwa walanguzi wa nje ya uwanja, maana tiketi feki inamkuta mtoto langoni saa mbili usiku, wenzake wameshaingia. Simu ijazwe chaji. Pahala pa kukutana mpatane kabla, na pawe nje ya msongamano, si "langoni."

Na mpeleke pia ligi ya wanawake. Tiketi zake hazina vita, mechi ni mchana, na JKU Princess wanacheza mpira mzuri. Muulize baada ya mechi anataka kushangilia tu au anataka viatu. Mimi mabinti kadhaa niliodhani wanapenda kushangilia walikuwa wanataka viatu.

Kwa leo basi. Toleo lijalo narudi kwa wakwe na mawifi. Barua za ugomvi wa friji zimenisubiri vya kutosha. Mechi ya ufunguzi mtanikuta jukwaa la Urusi. Anayetaka kukaa karibu nami aje na njugu, na asipulize vuvuzela.